Kujichapishia Riwaya: Hiari, Lazima na Wajibu wa Mhakiki

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili suala ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelipitia juu juu kwa muda mrefu, nalo ni uamuzi wa mwandishi kuichapisha riwaya yake kwa fedha zake mwenyewe bila kupitia kampuni ya uchapishaji. Tumelichagua kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza iko karibu nasi. Kila muhula swali hili huletwa na wanafunzi wetu hapa Mbarara, hasa wale wanaotoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, eneo la Rubondo. (Msomaji asilichanganye eneo hili la wilaya ya Isingiro na kisiwa cha Rubondo kilichomo katika Ziwa Viktoria upande wa Tanzania.) Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndani yake wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Kwa wengi wao, na hasa kwa Wakongo, Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya kanisani na ya nyumbani. Wapo vijana miongoni mwao wanaoandika. Daftari zimejaa, na wanauliza: kazi hii tuipeleke wapi?

Sababu ya pili ni ya kitaaluma. Tunapofundisha historia ya riwaya ya Kiswahili tunataja mwandishi, mwaka, fani na maudhui. Ni nadra kutaja nani aligharimia kitabu, nani alikihariri na kilimfikiaje msomaji. Kwa hiyo mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba riwaya nzuri hutoka katika kampuni zenye majina, na kwamba ile ya kujichapishia ni mswada uliokataliwa kila mahali. Imani hiyo haina msingi katika historia, kama tutakavyojaribu kuonyesha.

Hoja yetu kwa ufupi ni hii. Mwandishi anayejichapishia haikwepi kazi ya mchapishaji, bali anajitwika. Kazi hiyo ina sehemu tatu: kuuhariri mswada, kukifikisha kitabu kwa msomaji, na kukihifadhi ili wajao wakikute. Akizitimiza zote tatu, kitabu chake kinastahili kusomwa na kuhakikiwa kwa vigezo vilevile vya vitabu vingine. Akiiacha mojawapo, hata riwaya iwe nzuri namna gani, itapotea.

Mchapaji si mchapishaji

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayokaribiana sana kimatamshi. Mchapaji ni mwenye mashine: anapokea kazi, anaipiga chapa, analipwa, basi. Mchapishaji ni yule anayeuchagua mswada, anayeuhariri au kuuharirisha, anayebeba gharama na hasara, na anayekitafutia kitabu soko. Wachapaji wamejaa katika miji yetu. Barabara ya Nasser mjini Kampala inajulikana kote Uganda kwa kazi hiyo, na hapa Mbarara maduka yenye mashine za chapa si haba. Wachapishaji wa riwaya ya Kiswahili, kwa upande mwingine, ni wachache mno nchini Uganda.

Mwanafunzi anapotuambia kwamba amepata mchapishaji, mara nyingi ana maana ya mchapaji. Tofauti hii ina gharama. Tumewahi kuletewa kitabu cha mwandishi kijana aliyelipia nakala zote kutoka mfukoni mwake. Nyuma ya jalada palikuwa na jina la kampuni, tena kwa herufi kubwa, lakini ndani hapakuwa na dalili hata moja kwamba kuna mtu mwingine aliyeusoma mswada. Mhusika mmoja alikuwa na jina moja katika sura ya pili na jina jingine katika sura ya saba. Mwandishi huyo alidhani amechapishiwa, kumbe amechapiwa tu. Hatari yake ilikuwa kubwa kuliko ya mtu aliyeamua waziwazi kujichapishia, kwa sababu yeye hakujua kwamba kazi ya kuhariri imeachwa mikononi mwake.

Ni vizuri pia kueleza upande wa fedha. Katika mkataba wa kawaida mchapishaji hulipia kila kitu na mwandishi hupata mrabaha, ambao aghalabu huwa kama asilimia 10 ya bei. Anayejichapishia hulipia kila kitu kwanza, kisha mapato yote huwa yake iwapo yatapatikana. Katika uchapaji wa zamani, gharama za kupanga herufi na kutengeneza bamba zilikuwa zilezile kwa nakala 100 au 1,000, na kwa hiyo mwandishi alilazimika kuchapa nyingi ili bei ya kila nakala ishuke. Mashine za kidijitali zimebadili jambo hilo. Leo mtu anaweza kuchapa nakala 50, akaziuza, kisha akachapa nyingine. Kwa mtu wa Rubondo asiye na akiba, tofauti hii ni kubwa sana.

Waliosubiri

Kabla ya kuwatazama waliojichapishia, tuwaangalie waliosubiri, kwa kuwa kusubiri nako kuna bei yake.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Kitereza aliikamilisha riwaya yake mwaka 1945, kwa lugha ya Kikerewe. Hakuna aliyekuwa tayari kuichapisha katika lugha ya watu wachache. Baada ya miaka mingi akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa katika vitabu viwili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ilikuwa imepita miaka 35. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Mhakiki anaweza kujiuliza: je, kampuni ya kibiashara ingeichapisha riwaya ile kama ilivyo? Kisa chake ni cha mume na mke wasiojaliwa mtoto, namna ukoo unavyoingilia ndoa yao, na namna upendo wao unavyostahimili mpaka wakapata watoto. Lakini Kitereza hakimbilii kisa. Anasimama kueleza jinsi pombe inavyotengenezwa, jinsi mgonjwa anavyoaguliwa, jinsi mgeni anavyopokewa. Mhariri mwenye haraka ya soko angeyakata hayo na kubakiza kisa cha kurasa 200. Na hapo ingepotea ile hazina iliyomfanya Kitereza aandike, kwa maana alitaka maisha ya Wakerewe yasisahauliwe. Tunaona basi kwamba mhariri anaweza kuokoa kitabu, na anaweza pia kukiua.

Shaaban Robert naye, ambaye hakuna mwanafunzi wetu asiyemjua, aliandika Kufikirika mwaka 1946. Kitabu kilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake mwaka 1962. Kama mwandishi wa hadhi yake aliweza kuacha mswada wa riwaya bila kuuona ukiwa kitabu, kijana wa Rubondo asidhani kwamba kukosa mchapishaji ni ushahidi wa udhaifu wa kazi yake. Wala asidhani ni ushahidi wa ubora wake. Si ushahidi wa lolote.

Waliojichapishia

Sasa tugeukie Dar es Salaam ya miaka ya 1970 na 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na pamoja nayo East African Literature Bureau, shirika la umma lililokuwa limewatoa waandishi wengi wa Kiswahili. Uchumi wa Tanzania ulikuwa taabani, karatasi ilikuwa adimu, na mashirika ya umma yalitanguliza vitabu vya shule. Riwaya ya kusomwa kwa starehe haikuwa na mwenyewe. Wasomaji hata hivyo walikuwepo. Kisomo cha watu wazima na elimu ya msingi kwa wote vilikuwa vimezaa umma mkubwa uliojua kusoma Kiswahili na usiokuwa na cha kusoma.

Pengo hilo likazibwa na waandishi wenyewe. Kajubi Mukajanga alianzisha Grand Arts Promotions. Hammie Rajab alitoa kazi zake chini ya Busara Publications. Elvis Musiba aliziendesha riwaya zake za baadaye kupitia Continental Publishers. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, alianzisha Heko Publishers, na humo ndimo ilimotoka Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Vitabu vilikuwa vidogo, karatasi yake ilikuwa kama ya gazeti, jalada lilichorwa ili limvute mpita njia. Viliuzwa palipouzwa magazeti: stendi za mabasi, vibanda vya njiani, kando ya masoko.

Wahakiki wengi waliviweka vitabu hivyo katika kapu moja wakaliita fasihi pendwa, na kwa baadhi yao neno hilo lilikuwa na maana ya fasihi isiyostahili kufundishwa. Sisi hatusemi kwamba vyote vilikuwa bora. Vingi vina kasoro zinazoonekana: sura za mwisho zilizoandikwa mbiombio, sadfa zinazomwokoa shujaa kila anapokwama, wahusika wa kike waliowekwa kwa ajili ya kutazamwa tu. Lakini je, kasoro hizo zinatokana na kujichapishia?

Musiba anatusaidia kujibu. Kufa na Kupona, riwaya iliyomtambulisha mpelelezi Willy Gamba, ilitolewa mwaka 1974 na East African Literature Bureau, shirika la umma lenye wahariri. Njama, iliyotoka baadaye katika Continental Publishers, ina mpelelezi yuleyule, mwendo uleule wa kisa, na mapenzi yaleyale kwa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Msomaji akifunikiwa jalada hataweza kusema ipi ilipita kwa mhariri wa serikali na ipi ilitoka katika kampuni ya mwandishi. Kasoro ni za utanzu na za mwandishi. Jina la kampuni halizifuti wala halizileti.

Mtobwa anatupa ushahidi wa upande mwingine. Dar es Salaam Usiku inaacha risasi na ujasusi wa Joram Kiango, shujaa aliyempa Mtobwa jina, na kuingia katika maisha ya watu wanaoishi kwa usiku wa jiji: makahaba, matajiri, maskini waliotupwa kando. Ni hatua ya ujasiri kwa mwandishi ambaye tayari alikuwa na soko la upelelezi. Kampuni ya kibiashara ingeweza kumwomba aendelee na kile kinachouzika. Yeye alikuwa mwenye kampuni, kwa hiyo aliyebahatisha alikuwa yeye. Baadaye East African Educational Publishers ya Nairobi iliitoa riwaya hiyo tena, na ikatafsiriwa pia kwa Kiingereza. Kampuni kubwa ilikuja nyuma ya mwandishi, baada ya wasomaji kukwisha kuamua.

Nchini Kenya tunaye Kithaka wa Mberia, mhadhiri na mshairi, ambaye vitabu vyake hutolewa na Marimba Publications, kampuni yake mwenyewe. Hapa tunavuka mpaka wa riwaya na kuingia tamthilia, lakini funzo ni lilelile. Kifo Kisimani, iliyotoka mwaka 2001, iliingia katika orodha ya vitabu teule vya shule za sekondari za Kenya. Mwanafunzi aliyeitahiniwa hakuulizwa mchapishaji ni nani. Tena, msomaji wa vitabu vya Marimba huona kwamba mwandishi hakuichukulia kazi ya uhariri kimzaha: lugha imepigwa msasa na mpangilio wa ndani ni safi.

Mfano wa mwisho ni wa Eric Shigongo, ambaye alizichapa hadithi zake kwa mfululizo katika magazeti ya kampuni yake, Global Publishers, kisha akazitoa kama vitabu. Wako wanaozibeza hadithi hizo kwa sababu ya vituko vyake. Sisi tunataka msomaji aone jambo moja tu, kwamba Shigongo alikuwa na njia ya kumfikia msomaji kabla hajawa na kitabu. Gazeti lilikwisha kumwandalia watu wanaosubiri.

Tukiwaweka wote hawa pamoja, tunapata jambo ambalo mwandishi wa Rubondo anapaswa kulitafakari. Mtobwa na Shigongo walikuwa watu wa magazeti. Musiba alikuwa na uwezo wa kibiashara. Kithaka wa Mberia alikuwa chuoni, karibu na shule na walimu. Kila mmoja alikuwa na njia. Kitereza, kijijini Ukerewe, hakuwa nayo, na hata kama angepewa fedha za kuchapa nakala 1,000 mwaka 1945 angebaki nazo ndani ya nyumba. Fedha za mchapaji ni sehemu ndogo ya tatizo.

Lugha bila mhariri

Kazi ya uhariri inahitaji kujadiliwa peke yake, kwa sababu inamgusa mwandishi wa Rubondo kuliko mwandishi wa Dar es Salaam.

Kiswahili cha Kivu na cha Katanga kina kanuni zake. Kiambishi cha wingi wa watu ni ba- badala ya wa-, na mahali panapotakiwa -ni mwishoni mwa nomino hutumika ku mwanzoni. Mama wa Rubondo anaweza kusema, "Batoto bako ku masomo," na kila jirani yake akaelewa. Mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi ataandika, "Watoto wako shuleni." Amesahihisha, lakini amemhamisha mama yule kutoka Bukavu mpaka Kariakoo bila kumpa nauli.

Hapa kujichapishia kuna faida ambayo kampuni haiwezi kuitoa kwa urahisi. Mwaka 1965 mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, André Yav aliandaa historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha huko huko, ikapigwa taipu na kuenezwa bila kampuni yoyote. Haikuwa riwaya. Hakuna mchapishaji wa wakati ule ambaye angeikubali lugha ile. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990, na leo wanaisimu na wanahistoria huitegemea. Laiti ingesanifishwa, isingekuwa na thamani hiyo.

Lakini tahadhari inahitajika. Kuna kijana atakayesoma aya iliyotangulia na kusema, "Basi mimi sihitaji mhariri, makosa yangu ni lahaja." La hasha. Lahaja ina kanuni, kosa halina. Msomaji akikuta batoto katika ukurasa wa 5 na watoto katika ukurasa wa 6, kinywani mwa mhusika yuleyule na katika hali ileile, hiyo si lahaja, ni uzembe. Lakini mhusika huyo akisema batoto kwa jirani yake na watoto mbele ya afisa wa makazi, hapo mwandishi amefanya kazi kubwa ya kisanaa. Ameonyesha kwa kiambishi kimoja nani ana mamlaka juu ya nani. Mhariri tunayemtaka ni yule anayeweza kuitambua tofauti hiyo, na kuilinda.

Ni nani huyo? Kwa maoni yetu anapatikana humuhumu. Mwanafunzi wa isimu aliyesoma fonolojia na lahaja, akikaa na mwandishi wa Rubondo kwa majuma machache, anaweza kufanya kazi ambayo kampuni ya mbali isingeifanya. Walimu wenzetu wanaotafuta mada za miradi ya wanafunzi wazingatie jambo hili.

Njia ya msomaji na kumbukumbu ya kitabu

Katika mazingira yetu, nani atakayeisoma riwaya ya Rubondo? Soko la shule lina kishawishi chake. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wachapishaji wamegeuza macho kwenye vitabu vya kiada. Hatuwalaumu, kwani ndiko kwenye mauzo. Lakini riwaya inayosimulia maisha ya mkimbizi, kwa Kiswahili kilichobeba Kongo ndani yake, haitatangulizwa katika mpango huo. Kwa mwandishi wa namna hii kujichapishia ni karibu sawa na lazima.

Wasomaji wake wako mahali pengine. Wako ndani ya makazi yenyewe, ambako kitabu kinaweza kuuzwa baada ya ibada na siku ya soko. Wako pia Marekani, Kanada na Australia, ambako wakimbizi wengi wa Kongo wamehamishiwa na ambako watoto wao wanakosa cha kusoma kwa lugha ya wazazi. Waandishi wa Tanzania wamekwisha kuonyesha kwamba hadithi inaweza kuuzwa sura kwa sura kwa simu, kupitia makundi ya WhatsApp. Ni mbinu ya Shigongo bila gazeti.

Tunashauri pia waandishi wasijichapishie mmoja mmoja. Mjini Kampala, chama cha waandishi wanawake FEMRITE kilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa sababu wanawake walikuwa na miswada na hawakuwa na wa kuichapisha. Walikutana, walisomeana, walikosoana, kisha wakachapisha wao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 riwaya za Mary Karooro Okurut na Goretti Kyomuhendo zilikuwa tayari mikononi mwa wasomaji. Huko kulikuwa kujichapishia, lakini kwa kikundi, na kikao cha kukosoana kilifanya kazi ya mhariri. Tanzania nako waandishi wa riwaya wameungana katika UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kuhusu kumbukumbu, kuna hatua ndogo ambazo wengi huzipuuza kwa kudhani ni za kampuni tu. Kitabu kikose ISBN, itakuwa vigumu kukiorodhesha. Nakala zisipopelekwa katika Maktaba ya Taifa ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, mtafiti wa mwaka 2060 hatajua kwamba kitabu kilikuwepo. Vitabu vingi vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 ni vigumu kupatikana leo kwa sababu hii hii. Karatasi ilikuwa hafifu, na maktaba hazikuvitaka kwa kuwa vilikuwa vya kujichapishia.

Na mkimbizi asiogope kwamba hana haki. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 14, unaitaka nchi anamoishi mkimbizi impe ulinzi uleule wa kazi za sanaa unaopewa raia wake. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inailinda kazi tangu inapoandikwa. Jina lake liwe juu ya jalada, na hakimiliki ibaki kwake, hasa anaposaidiwa fedha na shirika. Msaada wa kulipia chapa si ununuzi wa mswada.

Wajibu wa mhakiki

Tunarudi kwa wasomaji wetu, walimu na wanafunzi wa lugha. Kitabu cha kampuni huja kwetu kikiwa na dhamana: mtu amekisoma kabla yetu. Kitabu cha kujichapishia hakina dhamana hiyo, na ndiyo maana kinamhitaji mhakiki zaidi. Tusipokisoma, hakuna atakayemwambia mwandishi kwamba sura ya nne imelegea, wala hakuna atakayewaambia wasomaji kwamba sura ya tisa ni miongoni mwa kurasa bora zilizoandikwa kuhusu uhamisho kwa Kiswahili.

Uhakiki huo usiwe wa huruma. Kumsifu mwandishi kwa sababu ni mkimbizi, au kwa sababu amejinyima akalipia chapa, ni kumdharau kwa adabu. Tuwaulize wahusika wake kama tunavyowauliza wa Kezilahabi: wanaishi au wamechorwa? Tuitazame lugha: imechaguliwa au imeponyoka? Tuutazame muundo: umepangwa au umekatishwa kwa sababu fedha ziliisha? Swali hili la mwisho ni la haki kabisa kwa vitabu vya kujichapishia, kwani riwaya fupi mno au iliyoahirishiwa sehemu ya pili huwa imeamuliwa na mfuko.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kujichapishia si aibu wala si ushujaa. Ni njia iliyozaa sehemu kubwa ya riwaya ya Kiswahili tuliyo nayo, na iliyopoteza sehemu nyingine kwa sababu kazi tatu tulizozitaja hazikufanywa zote. Kwa mwandishi wa Rubondo ushauri wetu ni huu: usisubiri miaka 35, lakini usikimbilie kwa mchapaji wiki hii. Mtafute kwanza wa kukukosoa, kisha jua nani atakununulia, kisha hakikisha kitabu kitakuwa na mahali pa kulala maktabani. Kwa upande wa Idara, tunapendekeza maktaba yetu ndogo ianze kupokea nakala mbili za kila kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa na mwandishi wake katika Mbarara, Isingiro na wilaya jirani, na kila kimoja kipewe mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu akihakiki katika kurasa hizi. Wasomaji wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyatuma kwa mhariri.